Jinsi ya kuiweka Crimes of the Heart jukwaani na kikundi chenu cha mtaani

Kila msimu utakuta mji mdogo fulani Marekani kikundi cha maigizo cha jamii kimetangaza Crimes of the Heart, na sababu inaeleweka kabisa, waigizaji sita tu, wanawake wanne wanaume wawili, seti moja ya jiko kuanzia mwanzo hadi mwisho, nguo za kawaida, hakuna dansi wala okestra. Kwa kikundi chenye watu wenye kazi zao za mchana na hela ya kuungaunga inaonekana kama zawadi. Lakini hii ni moja ya tamthilia ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ukumbini watu wanacheka na jukwaani hakuna hata mmoja anayefanya utani. Siku mwigizaji akigundua kwamba anachekesha na akaanza kuutafuta ule mcheko, onyesho limekwisha hapo hapo hata kama bado kuna sehemu mbili mbele. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo moja.

Nawaandikia hasa Waswahili mlioko Marekani mliojiunga na vikundi vya mtaani kwenu, iwe kama waigizaji, mafundi au ndio mmepewa udairekta. Na kwa ndugu zetu walioko Louisville, Kentucky, ambako Kiswahili kinasikika sana sa hivi hasa kutokana na familia zilizotoka Congo, mjue hii tamthilia ilizaliwa kwenye mji wenu, pale Actors Theatre of Louisville mwaka 1979. Mwandishi Beth Henley alizaliwa Jackson, Mississippi mwaka 1952, mama yake alikuwa anaigiza kwenye theatre ya pale nyumbani, na skripti yenyewe ilipelekwa kwenye shindano la Louisville na rafiki yake bila yeye kujua. Ikaja kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 1981 kabla hata haijafika Broadway, ikafunguliwa pale John Golden Theatre Novemba mwaka huohuo na kuchezwa mara 535.

Kwa ambaye hajaisoma, kifupi ni hivi. Dada watatu wa ukoo wa MaGrath wanakutana tena kwenye jiko la babu yao, Hazlehurst, Mississippi. Lenny ndiye kifungua mimba, leo anatimiza miaka 30 na dada zake wamesahau. Meg wa kati, 27, alikwenda California kutafuta uimbaji na mambo hayakwenda. Babe ni kitinda mimba, 24, jana amempiga mume wake risasi ya tumbo, mume mwenyewe mwanasiasa mkubwa wa pale, hakufa, na baada ya kumpiga akaenda jikoni akatengeneza limonadi akanywa glasi tatu kisha akamuuliza mume kama na yeye anataka. Babu yuko hospitali. Mama yao alijinyonga zamani pamoja na paka wake na habari ikatoka mpaka kwenye magazeti ya nchi nzima. Wengine ni binamu yao Chick anayejali majirani watasema nini kuliko kitu chochote duniani, Doc Porter aliyekuwa mpenzi wa Meg, na Barnette Lloyd, wakili kijana anayemtetea Babe na mwenye kisasi chake binafsi na yule mume.

Hatua ya 1: kibali kwanza

Kabla hujamwambia mtu yeyote tarehe, kabla hujabuni bango, nendeni mkaombe kibali. Haki za vikundi visivyo vya kulipwa zinashikwa na Dramatists Play Service ya New York, ambao siku hizi wako chini ya Broadway Licensing. Unajaza fomu mtandaoni, unaeleza ukumbi una viti vingapi, tiketi bei gani, maonyesho mangapi na tarehe zipi, wanakupigia hesabu ya mrabaha kwa kila onyesho. Usidanganye idadi ya viti. Kama kuna kampuni kubwa ya kulipwa karibu na kwenu inayotaka kuicheza kipindi hichohicho mnaweza kunyimwa, ndio maana nasema omba mapema, miezi mitano sita kabla sio mapema mno.

Mkishapata, someni mkataba wote, sio ukurasa wa malipo tu. Mtakuta masharti ya jina la mwandishi kwenye bango na programu, ukubwa wake na pa kuliweka. Hamruhusiwi kukata mistari wala kubadilisha maneno bila idhini ya maandishi, na kurekodi video kisha kuiweka mtandaoni ni jambo jingine kabisa linalohitaji ruhusa yake, kwa hiyo yule kaka wa kikundi anayependa kwenda laivu na simu mwambieni mapema. Na kama mnawaza kuitafsiri Kiswahili mkacheze kwa jumuiya yetu, hiyo ni haki ya peke yake, inaombwa peke yake, kibali cha kuicheza hakikupi. Mimi ningependa sana kuona hiyo siku. Ila hata kwa Kiswahili ningeacha Hazlehurst ibaki Hazlehurst, msiihamishie Tanga wala Mombasa, kwa sababu kila kinachowabana hawa dada kinatoka kwenye ule mji.

Alafu nunueni skripti, nakala kwa kila mwigizaji na moja ya ziada kwa meneja wa jukwaa. Kutoa kopi ni wizi, na hela yenyewe ni ndogo.

Hatua ya 2: jueni mko wapi na mwaka gani

Skripti inasema ni msimu wa majani kupukutika, miaka mitano baada ya kimbunga Camille. Camille ilipiga pwani ya Mississippi usiku wa tarehe 17 Agosti 1969, kwa hiyo tuko 1974. Hii sio pambo. Mguu wa Doc ulivunjwavunjwa na paa lililoanguka usiku ule huko Biloxi, wakati Meg ndiye aliyemshawishi wabaki nyumbani wasikimbie, kisha Meg akaondoka akamwacha. Kila mkazi wa Mississippi wa 1974 alikuwa na habari yake ya Camille, alipoteza nini, alikuwa wapi. Waigizaji wenu waangalie picha za Biloxi na Pass Christian baada ya kimbunga, zimejaa kwenye makumbusho ya kidijitali, waone nyumba zilizobaki ngazi tu.

Hazlehurst ni mji wa kweli, makao makuu ya kaunti ya Copiah, kusini ya Jackson mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Mwanamuziki wa bluzi Robert Johnson alizaliwa hapohapo. Ni mji ambao ukipiga chafya benki wanajua posta, na ndio maana Chick anaingia analalamikia habari iliyotoka gazetini, aibu kwake ni ugonjwa unaoambukiza familia nzima.

Kitu kikubwa zaidi cha kukizungumza mkiwa mezani ni Willie Jay. Haonekani jukwaani hata mara moja lakini tamthilia nzima inamzunguka. Ni kijana Mweusi wa miaka 15 ambaye Babe, mke Mzungu wa mwanasiasa, alikuwa na uhusiano naye, mume alipomkuta yule kijana kibarazani akampiga na kumfukuza, na Babe akaenda kuchukua bastola. Babe hataki kusema sababu ya kumpiga mume risasi. Mtazamaji wa leo anaweza kudhani ni ukaidi au ni utoto, wakati ukweli ni kwamba anamkinga kijana. Emmett Till aliuawa Mississippi hiyohiyo mwaka 1955 akiwa na miaka 14 kwa madai tu kwamba alimkosea mwanamke Mzungu dukani. Sheria za kuzuia ndoa za Mweusi na Mzungu zilifutwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1967, miaka saba tu kabla ya hadithi hii. Kwa hiyo ule ukimya wa Babe una uzito wa maisha ya mtu, na anayecheza Babe akilijua hilo sauti yake inabadilika yenyewe.

Na hapohapo mseme na lile linalowasumbua watu wa leo, kwamba Babe ni mtu mzima wa miaka 24 na Willie Jay ni mtoto wa 15. Skripti ya 1979 inalipitia haraka. Ninyi msilipitie haraka kwenye chumba cha mazoezi. Huwezi kulifuta, huna ruhusa, ila dairekta anaweza kuamua kutolichezesha kama kitu kitamu au cha kimapenzi, Babe ni mtu mpweke aliyepigwa na mumewe miaka kadhaa na amefanya jambo lisilo sawa, vyote viwili ni kweli na vyote vionekane. Andaeni aya moja kwenye programu inayoeleza 1974 ilikuwaje. Aya moja inatosha kabisa, watu wamekuja kutazama sio kuhudhuria semina.

Hatua ya 3: usaili

Tangazo liseme wazi umri wa wahusika, kwamba kuna habari za kujiua na ukatili wa ndoa, na kwamba kuna maneno makali. Kama mnataka kuwapanga waigizaji Weusi kwenye familia ya MaGrath, na vikundi vyetu vingi ndio vinavyotaka, fikirieni kabla ya usaili sio baada, maana habari ya Willie Jay inategemea rangi ya Babe na rangi ya yule mume, mkibadilisha mmoja lazima mjue mmebadilisha nini, na waulizeni wenye haki kwa maandishi. Majibu yanakuja.

Siku yenyewe usimsaili mtu mmoja mmoja akisoma hotuba. Wasomeshe watatu watatu. Unatafuta dada, hutafuti nyota. Wape ukurasa mmoja, wabadilishe nafasi, huyu awe Lenny kisha awe Meg, wakae karibu, wasogeane, wanyang'anyane kiti, halafu uangalie nani anamsikiliza mwenzake wakati hana mstari. Kuna watu wakimaliza kusema wanazima kama redio, hao hata wawe na sauti nzuri vipi watakuulia hii tamthilia, kwa sababu nusu ya mambo yanatokea kwenye uso wa yule dada asiyeongea.

Lenny mtafute mtu anayeweza kuwa na uchungu bila kujionea huruma. Watu wengi wanamcheza kama mzee wa kulalamika, na Lenny hajafika huko, ana miaka 30, analala kwenye kitanda cha kukunja jikoni ili awe karibu na babu usiku, ameacha mwanaume Memphis kwa sababu anaamini hakuna atakayemtaka. Meg sio msichana mbaya wa mtaa. Ni mtoto aliyeikuta maiti ya mama yake, kisha akawa anajilazimisha kwenda maktaba kutazama picha za magonjwa ya ngozi ili ajizoeze kutoumia. Anayesoma Meg akikuletea ujeuri tu, mpe hiyo habari asome tena uone. Babe anahitaji mtu mkweli kabisa, anayesema jambo la kutisha kama anakuelekeza duka lilipo. Chick sio kikaragosi, anaamini kwa dhati anaiokoa familia, na ndio inavyouma.

Wanaume wawili msiwape nafasi za mwisho mwisho kwa yeyote aliyebaki. Doc ana dakika chache tu, lakini ndani yake lazima tuamini Meg alimpenda. Na achague mguu gani unaochechemea siku ya kwanza ya mazoezi, aandike kwenye skripti.

Hatua ya 4: jiko

Jiko ndilo mhusika wa saba. Lijengeni mapema hata kama ni kwa kuchora mipaka yake sakafuni kwa utepe wa kunata, kwa sababu hii tamthilia inachezwa kwa mikono, mtu anakoroga, anafuta, anamimina, anafungua friji anaifunga, huku anasema jambo zito kuliko yote maishani mwake. Mwigizaji anayejua kijiko kilipo bila kuangalia ataigiza vizuri zaidi kuliko yule anayekitafuta kwa macho.

Mnahitaji mlango wa nyuma wa kutokea uani, njia ya kwenda sehemu nyingine za nyumba, na ngazi au angalau dalili ya ngazi kwenda juu. Meza ya kati na viti, jiko la oveni, friji, sinki, kile kitanda cha kukunja cha Lenny, simu. Yote ya miaka ya sabini au ya zamani zaidi, maana ni nyumba ya babu na hakuna aliyenunua kitu kipya. Friji na jiko mtavipata kwa watu wanaosafisha nyumba za wazee waliofariki au maduka ya mitumba ya makanisa, ulizeni kwanza kwa wanachama wenu, kila kikundi kina mtu mwenye gereji. Lipimeni hilo friji na mlango wa ukumbi kabla hamjalibeba. Toeni mota, liwe jepesi na lisipige kelele.

Meza msiiweke sambamba na watazamaji mkawakalisha dada wote upande mmoja kama wako kwenye picha ya harusi. Igeuzeni kwa pembe, kiti kimoja kiwape watazamaji mgongo, na mkitumie.

Hatua ya 5: mazoezi

Wiki sita, jioni nne kwa wiki, ni kipimo cha kawaida kwa watu wanaofanya kazi mchana. Wiki ya kwanza mezani. Ya pili na ya tatu pangeni mienendo sehemu moja moja, iko kwenye sehemu tatu na ya pili ndio nzito kwa hiyo ipeni muda zaidi. Mwisho wa wiki ya nne hakuna skripti mkononi. Hapa uwe mkali dairekta, mikono ikishika karatasi haiwezi kushika limao na kisu.

Tangu siku ya kwanza tumieni vyombo vya kweli. Glasi za kweli, jagi la kweli, maji mahali pa limonadi.

Zoezi moja ambalo nalipenda kwa hii kasti: mle ndani kuna habari kwamba bibi yao alimruhusu Meg ashone kengele ndogo kumi na mbili za dhahabu kwenye gauni lake la ndani wakati Lenny na Babe walipewa tatu tatu. Wakalishe dada watatu bila skripti, wagombane kuhusu zile kengele kwa dakika kumi, kila mtu atetee upande wake kwa nguvu zote. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya watoto wengi anajua kabisa hiyo hesabu, nani alipewa nyama ipi, nani alinunuliwa viatu sikukuu ile. Toka hapo hutahitaji kuwaeleza Lenny anamuonea Meg wivu kwa nini.

Lafudhi. Ni Mississippi, sio Texas ya filamu za kauboi. Kituo cha historia simulizi cha University of Southern Mississippi kule Hattiesburg kina rekodi za watu wa kawaida wakieleza maisha yao, sikilizeni hao, msisikilize waigizaji wa Hollywood wakiigiza Kusini. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tuna tabia ya kuipa kila irabu urefu sawa, na Kusini wanafanya kinyume, wanachagua irabu moja kwenye sentensi wanaivuta, nyingine wanazimeza. Chagueni mambo mawili tu ya kuiga kisha kasti nzima iyafanye sawasawa, hiyo inatosha. Familia moja ikiwa na lafudhi tatu watazamaji wanatoka nje ya hadithi, na lafudhi nyepesi iliyo sawa kwa wote ni bora mara mia.

Hatua ya 6: kile kicheko

Mwanzoni mwa sehemu ya tatu Meg anarudi alfajiri baada ya kukesha na Doc, amechangamka, amejipa moyo, anasema sasa atakwenda kumwambia babu ukweli wote hata kama utamtia kwenye koma. Hajui kwamba usiku ule babu amepatwa na kiharusi na ameingia koma kweli. Lenny na Babe wanajua. Na wanaangua kicheko, wanashindwa kujizuia, wanacheka mpaka wanaanguka, na wanaona aibu huku wanacheka.

Hapa ndipo maonyesho mengi ya mtaani yanapofia. Waigizaji wanapiga ile hahaha ya kutengeneza, watazamaji wanatabasamu kwa heshima, na pale palipotakiwa kuwa mlango wa kuingilia ndani ya hii familia panakuwa na ukuta. Nimeona pia kinyume chake, dairekta ameogopa kicheko akakifanya kiwe kifupi, ikawa hakuna kitu.

Fanyeni hivi. Kwanza, mwambie Lenny na Babe kazi yao sio kucheka, kazi yao ni KUTOCHEKA. Wajibane. Wafunge midomo, waangalie chini, washike meza, Lenny amkanye Babe kwa macho. Kicheko cha kweli kinaanzia kwenye kujizuia, yeyote aliyewahi kushikwa na kicheko msibani anaelewa kabisa ninachosema, unaumia tumbo na kadiri unavyojikaza ndivyo kinavyopanda. Pili, pumzi. Kicheko ni pumzi inayotoka mpaka inaisha, mapafu matupu kabisa, kisha mtu anavuta hewa kwa ghafla. Wafanye wamalize pumzi yote kwa mishtuko midogo midogo ya tumbo bila sauti, mara ya pili waongeze sauti kidogo, ndani ya dakika moja mwili unaanza kucheka wenyewe. Tatu, Meg asicheke. Meg amebaki amesimama hajui kuna nini, na ule mshangao wake ndio unaowamaliza zaidi. Nne, dairekta asikiache kicheko kiishe taratibu na kwa adabu, kikatike. Lenny akumbuke babu, uso ubadilike, halafu kimrudie tena. Ile mara ya pili ndio watazamaji wanapoangua nao.

Fanyeni zoezi la pumzi kila jioni hata siku ambayo hamgusi sehemu ya tatu. Ni misuli.

Na hii ndio njia ya kuicheza tamthilia nzima kwa kweli. Limonadi ya Babe, paka wa mama, farasi Billy Boy aliyepigwa na radi, Lenny akichomeka mshumaa kwenye biskuti inayovunjikavunjika na kujiimbia mwenyewe wimbo wa kuzaliwa pale mwanzo, kila kimoja kichezwe kwa umakini wa mtu ambaye hilo jambo ndilo kubwa kuliko yote siku hiyo. Mwigizaji akikuuliza "hapa niweke kichekesho gani?", mwambie hapana, mwambie anachotaka mhusika ni nini na nani anamzuia.

Hatua ya 7: kamba na oveni

Karibu na mwisho Babe anajaribu kujiua, kwanza kwa kamba huko juu ambako hatumuoni, tunasikia kishindo, anashuka na kipande cha kamba shingoni, kisha anaweka kichwa ndani ya oveni mpaka Meg anamkuta. Watu wanacheka hapa pia na ni sawa, mwandishi amekusudia. Lakini nyuma ya jukwaa hakuna utani wowote.

Kamba isiwe kitanzi cha kweli hata siku moja, wala kwenye mazoezi. Kiwe kipande kifupi ambacho upande mmoja kimeshikizwa kwa sumaku au kwa kitambaa cha kunata, ukikivuta kinaachia. Kishindo kipigwe na mtu mwingine, gunia la mchanga sakafuni linatosha. Oveni isiwe na gesi, isiwe na umeme, mgongo wake utobolewe hewa ipite, na kabati lake lisafishwe kila jioni kwa sababu mtu anaweka uso mle. Kibiriti kihesabiwe. Bastola haionekani jukwaani na shukuruni kwa hilo, maana bima ya silaha za maigizo inasumbua.

Halafu kuna mtu. Muulizeni anayecheza Babe faraghani kama yuko sawa, na mpeni mtu mmoja wa kukaa naye dakika tano baada ya mazoezi ya ile sehemu, kumrudisha kwenye mambo ya kawaida. Sisi kwenye jamii zetu haya mambo tunayafunika sana, na kwenye kasti yoyote ya watu sita kuna uwezekano mmoja wao ameyapitia nyumbani. Wekeni tangazo mlangoni na kwenye programu kwamba tamthilia ina habari za kujiua, pamoja na namba 988, ambayo mtu yeyote aliyepo Marekani anaweza kuipigia au kuitumia meseji saa yoyote bure.

Hatua ya 8: vya kula, simu, taa

Vyakula mpeni mtu mmoja mwenye daftari. Boksi la chokoleti ni jipya kila onyesho kwa sababu Meg anaziuma moja moja kutafuta yenye njugu ndani na kurudisha zilizoumwa. Ulizeni mapema nani ana aleji ya njugu, Doc analeta mfuko wa pekani na kwenye kasti ikiwa na mtu wa aleji mnapaki mfuko wa kokoto zilizopakwa rangi. Limao zikatwe kweli jukwaani, sukari iwe nyingi kama Babe anavyotaka, ila mwachieni mwigizaji achague maji yanayonyweka. Wiski ni chai ya rangi iliyopoa. Keki ya mwisho iwe kubwa kweli kweli, waandikeni kwenye programu waliowapikia, na juu yake mishumaa: moto wa kweli unahitaji kibali cha zimamoto wa mji na ndoo ya maji pembeni, wakikataa chukueni ya betri mapema mfanye nayo mazoezi, kwa sababu mtu anapuliza na mwenzake lazima azime kwa siri wakati uleule.

Simu ilie kutoka kwenye simu yenyewe au spika iliyofichwa chini ya kabati, isilie kwenye spika za ukumbi, sikio la mtu linajua. Na ikate kulia ile sekunde anayoinyanyua. Fundi wa sauti amtazame mkono, asifuate hesabu.

Taa ni rahisi mpaka dakika ya mwisho. Mchana, usiku, asubuhi, taa ya jiko inayowashwa kwa swichi ukutani. Lakini mwisho kabisa dada watatu wanakula keki ya kuzaliwa wakati wa kifungua kinywa, wanacheka, na skripti inataka mwanga ubadilike uwe wa dhahabu unaometameta ukiwashika wakiwa vile, na saksafoni isikike. Wekeni taa zenu bora kwa ajili ya hapo. Mtu wa kupiga saksafoni mkimpata wa mtaani kwenu, wa bendi ya shule au kanisa, apige laivu nyuma ya pazia, inagusa kuliko rekodi yoyote, na tena hamna kuhangaika na haki za muziki kama anabuni mwenyewe.

Hatua ya 9: wiki ya mwisho na kuendelea

Siku mbili za kiufundi bila kuigiza, mnasimamisha mnarudia, waigizaji wavumilie. Siku mbili na mavazi. Siku moja alikeni watu kumi na tano hivi waje watazame bure, wazee wa kituo cha jirani wanafaa sana, kwa sababu kasti haijawahi kusikia kicheko na lazima ijifunze kukisubiri: usiseme mstari juu ya mcheko, usisimame ukaungoja pia, fanya kazi ya mkono, koroga, kunja kitambaa, ukianza kushuka ingia.

Usiku wa tatu au wa nne kitu kibaya kinatokea, waigizaji wameshajua watu wanacheka wapi na wanaanza kuwapelekea. Meneja wa jukwaa apige saa kila sehemu. Sehemu ikiongezeka dakika tatu, nne, ujue wanatafuta vicheko, dairekta arudi awakusanye kabla ya onyesho linalofuata, warudie ile habari ya kengele kwa dakika kumi bila skripti, na wapande jukwaani moja kwa moja kutoka hapo.

Onyesho la mwisho likiisha bomoeni usiku uleule wakati mikono bado ni mingi. Friji lirudishwe kwa mwenyewe na milango yake iwe imefungwa kwa kamba, watoto wasije wakajifungia. Mkiongeza onyesho la ziada kwa sababu tiketi ziliisha, waandikieni wenye haki kabla ya kulicheza, na mrabaha wake ulipwe pamoja na mwingine.